Security Key NFC ya Yubico mbele ya barua pepe za "kitengo cha msaada"

Barua pepe ya ulaghai inayojifanya imetoka kwa wahudumu wa msaada haihitaji ufundi mkubwa. Jina la mtumaji huandikwa "Kitengo cha TEHAMA" au "Huduma kwa Wateja", mada hudai kwamba kisanduku cha barua kimejaa au kwamba nenosiri linakwisha muda wake leo jioni, na chini huwekwa kitufe kimoja kinachompeleka msomaji kwenye ukurasa wa kuingilia unaofanana na ule anaoujua hadi rangi ya nembo, mara nyingi anwani yake ikiwa imekwisha kujazwa. Kinachobaki ni yeye kuandika nenosiri. Security Key NFC, inayotengenezwa na Yubico, kampuni iliyoanzishwa nchini Sweden mwaka 2007, ni ufunguo wa usalama, yaani kifaa kidogo cha kuthibitisha anayeingia kwenye akaunti, kilichoundwa kwa ajili ya dakika hiyo hasa, na kwa kazi hiyo moja sijaona kinachokizidi kwa bei yake.

Kwa umbo ni kipande chembamba cha plastiki ngumu, chenye ncha ya USB upande mmoja, duara la rangi ya dhahabu katikati na tundu la kukitungia pamoja na funguo za nyumba. Hakina betri wala skrini, na hakisomi alama ya kidole. Lile duara hutambua tu kwamba kuna mtu aliyeligusa. Unapokisajili kwenye akaunti, kifaa hutengeneza jozi ya funguo za kihisabati kwa ajili ya tovuti hiyo peke yake: ufunguo wa wazi huenda kwenye seva za tovuti, na ule wa siri hautoki ndani ya kifaa. Siku ya kuingia, kivinjari ndicho kinachokijulisha kifaa jina la tovuti iliyofunguliwa, wala si mtumiaji, na saini ya kidijitali inayothibitisha kuingia hutolewa kwa tovuti iliyosajiliwa tu. Kwenye ukurasa bandia jina halilingani, kwa hiyo hakuna saini inayotoka, hata kama ukurasa wenyewe umenakiliwa bila kasoro. Mtumiaji anaweza kuwa na haraka, usingizi au hofu ya kufungiwa akaunti. Hayo yote kifaa hakiyajui.

Jambo hili lina uzito kwa sababu ushauri tuliouzoea, ule wa kukagua anwani ya mtumaji na kutafuta makosa ya tahajia, unalitwisha jicho mzigo ambao hata wataalamu huwashinda. Machi 2016, John Podesta, mwenyekiti wa kampeni ya Hillary Clinton, alipokea ujumbe uliojifanya umetoka Google ukimtaka abadilishe nenosiri. Ujumbe huo ulipelekwa kwanza kwa fundi wa kampeni, naye akajibu kwamba ni halali, jibu ambalo baadaye alisema aliliandika kimakosa. Kiungo kikabofywa, na barua zake zikaishia mikononi mwa wadukuzi.

Zile tarakimu sita zinazotumwa kwa ujumbe mfupi au kutolewa na programu ya simu husaidia pale nenosiri linapoibwa peke yake, lakini dhidi ya ukurasa bandia hazifui dafu, kwa kuwa mwathirika huziandika mahali palepale alipoandika nenosiri na mlaghai huzitumia papo hapo. Mfano ulioelezwa vizuri zaidi ni wa kampuni ya Cloudflare. Tarehe 20 Julai 2022, wafanyakazi wake wasiopungua 76 walipokea, ndani ya muda usiofika dakika moja, ujumbe wa simu uliowaelekeza kwenye tovuti iliyobeba jina la kampuni yao, tovuti ambayo ilikuwa imesajiliwa chini ya dakika 40 kabla. Ukurasa ulipokea nenosiri, ukalituma kwa mlaghai kupitia Telegram, kisha ukaomba tarakimu za uthibitisho. Wafanyakazi watatu walinaswa wakaandika manenosiri yao. Hakuna akaunti iliyoingiliwa, kwa sababu kampuni ilikuwa imemgawia kila mfanyakazi ufunguo wa aina hii. Twilio, kampuni ya huduma za mawasiliano iliyoshambuliwa kwa mbinu kama hiyo katika kipindi hichohicho, haikusalimika. Naona habari ya wale watatu ina thamani kuliko tangazo lolote la biashara: walidanganyika kabisa, na bado mlaghai aliondoka mikono mitupu.

Sasa nije kwenye upungufu, ambao kwa sehemu kubwa haumo katika kifaa bali katika milango mingine ya akaunti. Huduma nyingi, ukishasajili ufunguo, huacha njia za zamani zikifanya kazi. Mlaghai mwerevu hatapambana na ufunguo. Ukurasa wake utaandika kwa upole kwamba "ufunguo haupatikani kwa sasa, tafadhali tumia namba tuliyokutumia kwa simu", na mtumiaji asiyefahamu atatii. Kwa hiyo anayenunua kifaa hiki na kuacha namba ya simu yake ikiendelea kuwa njia ya kuingilia amenunua pambo. Ni lazima aingie kwenye mipangilio ya usalama, aondoe ujumbe mfupi kama njia ya uthibitisho, aandike kwenye karatasi zile namba za dharura za kuingilia akaunti na kuzihifadhi, kisha asajili ufunguo wa pili. Ufunguo wa pili si anasa: Apple haikubali ufunguo mmoja, bali hudai angalau miwili. Laiti Yubico wangeliandika hili kwa herufi kubwa juu ya pakiti, maana linabadilisha bei. Toleo hili limekuwa likiuzwa kwa dola 25 hadi 29 za Marekani kwa kimoja, kwa hiyo hesabu halisi ni mara mbili yake, kabla ya usafirishaji na ushuru.

Kuna pia suala la simu. Kifaa huwasiliana na simu kwa kugusanishwa nayo kupitia NFC, mawasiliano yasiyo na waya ya umbali mfupi sana, lakini simu nyingi za bei nafuu zinazouzwa kwetu hazina NFC. Mwenye simu ya namna hiyo anunue toleo la USB-C, au awe na kebo ya OTG, ile inayounganisha kifaa cha USB na simu. Namba ya siri ya kifaa nayo ichaguliwe kwa makini, kwani ikikosewa mara nane mfululizo kifaa hujifunga, na kukifungua ni lazima kifutwe chote na kusajiliwa upya.

Septemba 2024 watafiti wa NinjaLab walionyesha kwamba funguo za Yubico zenye chipu za Infineon na programu ya kabla ya toleo la 5.7 zinaweza kunakiliwa. Mshambuliaji angehitaji kukishika kifaa chenyewe na kuwa na mitambo ya maabara yenye thamani ya maelfu ya dola, kwa hiyo mtuma barua pepe aliye mbali hana la kufanya na dosari hiyo. Hata hivyo, programu ya ndani ya funguo hizi haiwezi kusasishwa. Anayenunua leo amuulize muuzaji toleo kabla ya kulipa, na akishakipokea akihakiki kwenye ukurasa wa Yubico unaothibitisha kama kifaa ni halisi, hasa kama amekinunua kwa mtu wa kati.

Mipaka yake ni wazi. Hakizuii mtu kutoa ruhusa kwa programu ovu baada ya kuingia kihalali, wala hakina msaada kwa anayepigiwa simu na "mhudumu wa mtandao" akaombwa namba ya siri ya pesa za simu, kwa kuwa menyu za USSD hazina pa kukichomeka. Wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii" wanahitaji dawa nyingine.

Swali gumu zaidi kwa Yubico ni kwamba ulinzi uleule wa kufungamana na jina la tovuti sasa unapatikana bure ndani ya simu na kompyuta za kisasa, kupitia zile "passkey", funguo za kuingilia zinazohifadhiwa humohumo badala ya nenosiri, ambazo Google ilianza kuziruhusu kwenye akaunti zake mwaka 2023. Mwenye simu nzuri na akaunti moja ya barua anatosheka na hizo, na singemshauri atoe fedha. Kifaa hiki kinamfaa anayeingia kwenye akaunti zake kupitia kompyuta ya ofisi inayotumiwa na watu wengi, mhasibu au msimamizi wa mifumo ambaye barua yake ndiyo ufunguo wa akaunti za wenzake, na mwandishi wa habari asiyetaka usalama wake utegemee simu inayoweza kuchukuliwa. Kwa hao, matoleo ya YubiKey 5 ya kampuni hiyohiyo, yenye bei kubwa zaidi, huongeza kazi ambazo wengi hawatazigusa. Hili la bei ya chini linatosha, mradi wanunue mawili na la pili lisitungwe kwenye funguo zilezile.