Tahadhari kwa Wanaokodi Gari Dubai: Namna Ushuru wa Salik Unavyotumiwa Kula Amana Zenu

Ninaandika haya kwa ajili ya wafanyabiashara wenzangu wanaosafiri kutoka Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa kwenda Dubai kufuata mzigo, na hasa wale ambao, kama mimi, huona ni nafuu kukodi gari dogo kwa siku chache kuliko kulipa teksi kila siku kati ya Deira, mtaa wa biashara wa Dubai, na maduka ya spea ya Sharjah, mji wa jirani. Mwezi Oktoba 2025 nilikodi gari kwa siku sita katika ofisi moja ya Deira niliyoelekezwa na mtu kupitia WhatsApp, nikaweka amana ya dirhamu 1,000 taslimu, na mpaka leo ninawadai dirhamu 327. Si fedha ya kufilisi mtu, lakini njia waliyoitumia kuichukua ndiyo inayonisukuma kuandika, kwa sababu inawezekana tu kwa mgeni asiyejua ushuru wa barabara wa mji ule unavyohesabiwa.

Salik, yaani ushuru wa barabara wa Dubai, ni neno la Kiarabu lenye maana ya njia iliyo wazi, na ndivyo mfumo wenyewe ulivyo tangu ulipoanza mwaka 2007. Hakuna kizuizi wala mtu wa kupokea fedha, na dereva hapunguzi hata mwendo. Unapita chini ya mtambo uliovuka barabara, uitwao geti, mtambo unasoma kibandiko kilicho kwenye kioo cha mbele pamoja na namba ya gari, na fedha inakatwa kwenye akaunti ya mwenye gari. Kwa gari la kukodi mwenye akaunti ni kampuni, wewe huoni chochote siku ile, na utakuja kuambiwa baadaye kwamba umepita mara ngapi na unadaiwa kiasi gani. Hapo katikati, kati ya kile mtambo ulichokisoma na kile kampuni inachokuandikia, ndipo ulaghai unapoingia.

Kuanzia tarehe 31 Januari 2025 bei hubadilika kwa saa, na jambo hili wageni wengi hawalijui. Siku za kazi, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa nne asubuhi, na tena kuanzia saa kumi jioni hadi saa mbili usiku, geti moja ni dirhamu 6. Mchana katikati ya vipindi hivyo, na usiku kuanzia saa mbili hadi saa saba, ni dirhamu 4. Kuanzia saa saba usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi hulipi chochote. Jumapili ya kawaida ni dirhamu 4 mchana kutwa, na mwezi wa Ramadhani saa hizo hupangwa upya. Jambo la pili, ambalo ndilo lililonigharimu zaidi, ni kwamba yako mageti yaliyo mawili mawili, Al Mamzar ya kaskazini na ya kusini katika barabara ya Al Ittihad iendayo Sharjah, na Al Safa ya kaskazini na ya kusini katika barabara ya Sheikh Zayed. Ukipita yote mawili kwa uelekeo mmoja ndani ya saa moja, unatozwa mara moja tu.

Sasa nieleze hesabu yangu, kwa kuwa niliiandika kila jioni kwenye daftari lile lile ninaloandikia manunuzi. Jumatatu hadi Alhamisi nilikwenda Sharjah saa tatu asubuhi na kurudi saa tisa alasiri, yaani mapito manne ya dirhamu 6 na manne ya dirhamu 4. Ijumaa saa tatu usiku nilikwenda Dubai Marina kumtembelea mdogo wangu, nikapita daraja la Al Maktoum, Al Safa na Al Barsha kwa dirhamu 4 kila moja. Nilirudi kwa njia ile ile saa nane usiku, wakati ambao hakuna malipo. Jumla ni mapito 11 na dirhamu 52. Mkataba ulisema watanitoza ushuru halisi na dirhamu 1 ya huduma kwa kila pito, kwa hiyo nilipaswa kulipa dirhamu 63.

Baada ya siku 21 walizosema wanasubiri ili faini za barabarani zijitokeze, nilitumiwa karatasi yenye mistari 37, kila mstari dirhamu 10, jumla 370. Juu yake waliongeza dirhamu 150 walizoziita gharama za kufungua faili. Nilikaa nayo usiku mzima nikiilinganisha na daftari. Kila safari ya Sharjah ilikuwa imehesabiwa mara mbili, Mamzar ya kaskazini na ya kusini. Marejeo ya saa nane usiku yalikuwa yamelipishwa yote manne, Al Safa nayo ikiwa imegawanywa mara mbili, kwenda na kurudi. Mistari 13 ya mwisho ilikuwa ya siku ambazo gari halikuwa tena mikononi mwangu: nililirudisha Jumamosi saa tatu asubuhi, na mstari wa kwanza kati ya hiyo 13 ulionyesha Jumamosi saa kumi na moja jioni, wakati mimi nilikuwa Deira nikifunga mizigo.

Nilipolalamika waliniambia kwamba mfumo ndio ulioandika hivyo na wao hawana uwezo wa kuubadilisha. Nikawaomba taarifa inayotoka kwenye akaunti yao ya Salik yenyewe, kwa kuwa kila mwenye akaunti anaweza kuitoa, wakanitumia tena karatasi ile ile waliyoiandika wao, isiyo na namba ya muamala hata mmoja. Kilichonisaidia ni picha ya fomu ya kurudisha gari, yenye saa, tarehe na saini ya mfanyakazi wao, ambayo niliipiga kwa simu pale pale kaunta kabla sijaondoka. Baada ya kuwatumia picha hiyo walirudisha dirhamu 130 za mistari ile 13 bila kuomba radhi, na tangu hapo hawajibu.

Ninawasihi, msiweke amana taslimu ikiwa mna kadi inayokubaliwa. Kampuni inayofunga kiasi fulani kwenye kadi yako haijakichukua, na ikikata zaidi ya inavyostahili unaweza kuyapinga makato hayo kupitia benki yako nyumbani. Ninaamini ofisi za namna hii huwatafuta watu wetu kwa sababu wengi wetu hutembea na fedha mkononi, na kwa sababu wanajua siku 21 zikitimia tutakuwa tumekwisha kurudi Kariakoo. Kabla ya kusaini, mwambie mhusika aandike kwenye mkataba kwamba Salik italipwa kwa taarifa rasmi ya akaunti, na kiasi cha huduma kwa kila pito. Akikataa kuandika, ondoka, maana Dubai haina uhaba wa magari ya kukodi. Piga picha ya dashibodi siku ya kuchukua na siku ya kurudisha, saa ikionekana. Mkienda Abu Dhabi, jueni kwamba kuna ushuru mwingine uitwao Darb, wenye saa zake, na muulize mapema jinsi utakavyotozwa.

Kuna ulaghai wa pili ambao hauhusiani na ofisi ile lakini huwapata watu hao hao. Mdogo wangu alipokea ujumbe wa simu uliojiita wa Salik, ukisema ana deni la ushuru na faini itaongezeka asipolipa siku hiyo, ukiwa na kiungo cha kujaza namba ya kadi na namba ya siri inayotumwa na benki. Yeye hana gari. Mtu aliyekodi gari hadaiwi na Salik moja kwa moja, kwa kuwa akaunti ni ya kampuni, kwa hiyo ujumbe wa aina hiyo ukikufikia usiufungue hata kwa kutaka kuhakikisha.

Nimepeleka malalamiko yangu kwenye Idara ya Uchumi na Utalii ya Dubai, ambayo hupokea mashauri ya walaji hata kama ni wageni, nikiwa nimeambatanisha mkataba, karatasi ya mistari 37, kurasa za daftari na picha ile ya fomu. Aliyelipishwa Mamzar mbili kwa safari moja, au aliyelipishwa mapito ya saa nane usiku, anaweza kufanya vivyo hivyo ikiwa bado ana mkataba wake.