Uzoefu wangu na dodoso la Spector la kupima kuridhika na kazi

Ukishaajiriwa, ile barua pepe lazima ikufikie: "Maoni yako ni muhimu kwetu, bofya hapa, haichukui hata dakika tano." Nimejaza fomu za namna hiyo kwa miaka, nyingi zikiandaliwa na kampuni ya nje inayolipwa na mwajiri, na sikuwahi kuzipa uzito. Kisha mwenzetu wa idara ya utumishi, aliyekuwa akimalizia shahada ya uzamili, akatuletea dodoso la mwanasaikolojia Paul Spector la mwaka 1985 kwa ajili ya utafiti wake. Nililijaza, halafu nikamsaidia kupiga hesabu, kwa hiyo nimeliona mbele na nyuma.

Fomu tuliyoizoea ilijengwa juu ya swali moja: kuanzia 0 hadi 10, ungempendekezea rafiki yako aje kufanya kazi hapa? Wanaojibu 9 na 10 wanahesabiwa mashabiki, wa 0 hadi 6 wapinzani. Unatoa asilimia ya wapinzani kwenye ya mashabiki, umemaliza. Wakubwa wanalipenda swali hili kwa sababu linawapa namba moja ya kuweka kwenye slaidi. Sisi wa chini tunabaki kujiuliza: aliyejibu 5 kakerwa na nini? Mshahara? Bosi? Kiti kibovu?

Dodoso la Spector lina kauli 36, nne kwa kila eneo, na maeneo yenyewe ni tisa: mshahara, kupanda cheo, msimamizi, marupurupu, kutambuliwa ukifanya vizuri, taratibu za kazi, wafanyakazi wenzako, kazi yenyewe na mawasiliano. Unajibu kwa namba, 1 ukikataa kabisa na 6 ukikubali kabisa. Kwa kuwa namba ni sita, hakuna ya katikati, na hilo nimelipenda kuliko yote. Kwenye fomu zenye ngazi tano, mtu mwoga (nami nimo) anabonyeza 3 kuanzia juu hadi chini na kurudi kwenye shughuli zake. Hapa lazima uegemee upande mmoja.

Kauli 19 zimeandikwa kwa upande hasi, mfano ile inayosema wakati mwingine naona kazi yangu haina maana. Wakati wa kupiga hesabu, majibu ya kauli hizo unayageuza: toa jibu kwenye 7, hivyo 6 inakuwa 1. Usipogeuza, matokeo yote ni takataka. Faida yake ni kwamba anayejaza bila kusoma anaonekana mara moja: kakubali kabisa kwamba mshahara ni wa haki, na mistari michache chini kakubali kabisa kwamba nyongeza za mshahara ni haba.

Kila eneo lina alama 4 hadi 24, na jumla ni 36 hadi 216. Kwa mwongozo wa Spector, jumla chini ya 108 ni kutoridhika, juu ya 144 ni kuridhika, katikati ni vuguvugu. Sisi tulidondokea kwenye vuguvugu, na kama tungeishia hapo tusingekuwa na tofauti na ile fomu ya 0 hadi 10. Utamu ulikuwa kwenye maeneo. Wote tulitabiri mshahara ungeshika mkia, lakini taratibu za kazi zikawa chini yake. Ukitulia unaelewa: wino wa printa tu unadai saini tatu, na mmoja wa wenye saini hizo yuko safarini kila wiki. Wafanyakazi wenzetu walipata alama za juu, na nadhani ndiyo sababu watu hawajaondoka.

Kasoro zipo. Kauli 36 zinachosha, na kuna moja isemayo kwamba ni nadra urasimu kukwamisha juhudi zangu za kufanya kazi vizuri. Ukitaka kulalamika hapo inabidi ukatae, na baadhi yetu tuliisoma mara mbili. Pia liliandaliwa kwa taasisi za huduma za jamii, wala haligusi kufanyia kazi nyumbani au meseji za kazi zinazoingia usiku. Matumizi ya bure ni kwa utafiti na ufundishaji usio wa kibiashara, kwa hiyo kampuni isilichukue tu na kulisambaza bila kuomba kibali.

Lakini hakuna dodoso linalofaa kitu kama watu hawaamini kwamba majibu ni siri. Fomu ya ile kampuni ya nje haikuuliza jina. Iliuliza idara, jinsia, umri na miaka uliyokaa kazini. Kwenye kitengo cha watu wanne, mwanamke aliyevuka miaka 50 ni mmoja tu, na kila mtu anamjua. Tangu maoni yake yasomwe kikaoni neno kwa neno, kitengo kizima kinajaza 10. Mwenzetu wa utumishi aliuliza idara peke yake, na matokeo ya kundi lenye watu chini ya watano hakuyatoa kivyake. Ukipanga kulitumia, unganisha vitengo vidogo kabla fomu haijatoka, na uwaambie watu mapema nani atayaona majibu ghafi.