Kigari nilichouziwa yadi, eabegi ya Takata, na kijana wa kaunta: uzoefu wangu

Gari lenyewe sina neno nalo, niseme hilo mapema asije mtu akadhani naichukia gari. Ni kigari kidogo cha Kijapani, kama hivi vinavyojaa Mwenge na Mbagala hapa Dar, kimeshuka bandarini na miaka yake mingi lakini enjini imetulia, AC inagandisha, mafuta kinalamba kidogo sana, na foleni zetu hizi na jua lote hili hakijawahi kunichemkia hata siku moja. Kwa gari peke yake ningetoa nyota nne bila kufikiria. Kilichonifanya niandike ni eabegi, ule mfuko wa hewa unaofunguka gari ikigonga, na namna nilivyojibiwa kuhusu hiyo eabegi, na nimesubiri hasira ishuke ndo niandike, haijashuka.

Nilimpelekea fundi umeme gari kwa ajili ya redio tu. Akawasha swichi bila kupiga stata, akaangalia dashibodi, akazima, akawasha tena, akaniita. "Mama, hebu angalia na wewe." Taa ya betri ipo, ya oili ipo, ya breki ya mkono ipo, cheki enjini ipo. Ile yenye alama ya mtu amekaa na duara mbele ya kifua chake, haipo. Akanieleza kwamba ile lazima iwake kila ukiwasha swichi, inakaa sekunde chache halafu inazima yenyewe, ndo gari inakwambia nimejipima eabegi ziko sawa. Ikiwaka isizime, kuna ubovu. Isipowaka kabisa, ama balbu imekufa ama kuna mtu kaichezea.

Akafungua dashibodi pale pale. Jamani. Juu ya kitundu cha ile taa, kwa ndani, pamebandikwa kipande cha tepu nyeusi, ile ya kufungia waya inayouzwa kila duka la umeme, kimekatwa kwa wembe vizuri kabisa, pembe nne zimenyooka, mtu kakaa chini akapima. Fundi akaibandua, akarudishia dashibodi, akawasha swichi. Taa nyekundu hiyo hapo na haizimi. Kwa hiyo muda wote nimeendesha hii gari, nimebeba watoto shule, nimempeleka mama yangu kliniki, nimeenda Morogoro na kurudi, ile taa ilikuwa inapiga kelele na mtu kaiziba mdomo ili ninunue.

Akapima kwa mashine ikaonekana koili ya kwenye usukani imekatika, yaani eabegi ya dereva haipati umeme, ningegonga isingefunguka. Hiyo sawa, ni spea inanunuliwa inafungwa. Kama ingeishia hapo nisingeandika hivi, ningewatukana kimoyomoyo yakaisha.

Sasa jioni mdogo wangu ambaye ni mtu wa kufuatilia mambo akasema dada hebu nipe namba ya chesisi. Akaanza na ule ukurasa wa NHTSA, wale wa usalama barabarani wa Marekani, ukagoma, manake unataka herufi na namba 17 na hizi gari zetu zilizotengenezwa kwa soko la Japan hazina hizo, zina namba fupi ya fremu, herufi chache, kistari, halafu tarakimu. Hili mlijue, wengi wanaingiza namba kule, inakataa, wanasema aah basi gari yangu haimo. Haimaanishi haimo! Unatakiwa uende kwenye ukurasa wa mtengenezaji wa kule kule Japan, umeandikwa Kijapani, unatafsiri kwa simu, unaweka namba ya fremu inakuletea majibu. Yangu ikaleta. Eabegi ya abiria wa mbele, kifaa cha kujaza hewa kilichotengenezwa na Takata, inatakiwa kubadilishwa bure, HAIJABADILISHWA. Na kweli, gari za kule zikisharekebishwa kwa ajili hiyo huwa wanabandika kistika kwenye nguzo ya mlango wa dereva, tukaenda kuangalia na tochi ya simu, nguzo tupu.

Kwa ambaye hajawahi kusikia Takata, ilikuwa kampuni ya Kijapani ya kutengeneza eabegi. Ndani ya eabegi kuna kopo la chuma lenye dawa inayolipuka haraka kutoa gesi, gesi ndo inajaza mfuko. Takata walitumia amonia nitreti, ambayo joto na unyevu vikiipiga miaka mingi inaharibika, na siku ikilipuka inalipuka kwa nguvu kupita kiasi, kopo linapasuka na vipande vya chuma vinatoka kupitia ule mfuko vinakuja usoni na shingoni. Sio lazima iwe ajali kubwa, kuna watu wamekufa kwenye kugongana ambako wangeshuka wakaangalia bampa wakaelewana. Florida mwaka 2014 kuna mama alifariki na majeraha yake ya shingoni yalikuwa ya namna ambayo wapelelezi mwanzoni walidhani kachomwa kisu. Honda walianza kuita magari yarudi yakarekebishwe 2008, yalikuwa machache, ikaenda ikipanuka mpaka makampuni mengi makubwa yakaingia, Marekani peke yake eabegi milioni 67, dunia nzima kama milioni 100. Takata wenyewe wakakubali kukiri mahakamani Marekani kwamba walidanganya kwenye taarifa za majaribio, wakapigwa dola bilioni 1, na Juni 2017 wakafilisika.

Joto na unyevu, nimeandika hapo juu. Wamarekani waliyagawa magari kwa maeneo, yale ya sehemu zenye joto na unyevu kama Florida na Hawaii yakapewa kipaumbele kwa sababu ndo hatari zaidi. Malaysia nako eabegi hizi zimeua watu. Sasa niambieni Dar es Salaam ni nini? Tanga ni nini? Zanzibar? Sisi ndo tunaishi ndani ya hilo joto na huo unyevu mwaka mzima, na magari tunayochukua ni ya umri ule ule. Vitz, Corolla, RAV4, Honda Fit, X-Trail, Impreza, zote hizo kuna miaka yake imeguswa, sio kila gari na sio kila mwaka, ndo maana nasema angalieni kwa namba ya chesisi msiangalie kwa jina. Na lingine, ile taa ya dashibodi haikusaidii kwa hili. Kopo la Takata linaweza kuwa limeoza na taa ikawa inazima vizuri kabisa kama kawaida.

Na Japan wenyewe, kuanzia Mei 2018, magari yenye hizo eabegi hatari ambayo hayajarekebishwa wanayakatalia kupita ukaguzi wao, ule wa shaken. Yaani kule haliruhusiwi kuendelea kutembea mpaka mwenye gari apeleke likarekebishwe. Mimi nimekaa nikawaza, gari isiyopita ukaguzi kwao inaenda wapi? Sina ushahidi kuhusu yangu, sisemi ndo ilivyokuwa, ila wazo limenikaa na halitoki.

Nikarudi yadi. Siku ya kununua nilikuwa "boss wangu", nikaletewa kiti na maji baridi. Safari hii nimesimama juani mpaka jamaa alipojisikia kutoka ofisini. Nikamwonyesha picha ya tepu. Akasema gari ilitoka hivyo Japan. Nikamwambia hii tepu ni ya dukani hapo ng'ambo ya barabara. Akasema basi mafundi wako ndo wameweka. Nikamwonyesha majibu ya namba ya chesisi, nikamwambia hii inaua mtu. Akacheka, akasema, nanukuu: "Wewe mama, sisi tunauza gari, hatuuzi eabegi." Akarudi ndani kwenye feni.

Na bado, mtanishangaa, huyo sio aliyeniumiza. Dalali ni dalali, hakuna aliyeenda yadi akitegemea ukweli. Aliyeniumiza ni kijana wa kaunta.

Nilienda kwa wakala, wale wenye jengo la vioo na sakafu inang'aa na kahawa ya bure, wanaouza magari mapya ya kampuni hiyo hiyo iliyotengeneza kigari changu. Nikavaa vizuri, nikatoa karatasi mbili nimeprinti, za Kijapani na tafsiri yake, na namba ya chesisi nimeipigia mstari. Kijana akazisogeza kwa ncha ya kalamu, hakuzishika kwa mkono, akaangalia kama sekunde mbili, akaniambia hii sio gari yetu. Nikamwambia najua hamkuiingiza nyinyi, ila imetengenezwa na kampuni yenu na kampuni yenu yenyewe inasema ibadilishwe. Akasema namba haipo kwenye mfumo. Nikasema sawa, kama bure haiwezekani nitalipa, niagizieni kifaa, niambieni bei. Ndo akainua macho mara ya kwanza, akasema kwa sauti ya kusikika na wateja wote pale: "Mama, mnanunua vya rahisi halafu mnakuja kutusumbua."

Rahisi! Ndani ya bei ile ya yadi mimi nimelipa ushuru wa forodha, nimelipa ushuru wa bidhaa, nimelipa ule wa uchakavu kwa sababu gari ina umri, nimelipa VAT asilimia 18, bandari, wakala wa forodha, usajili, bima, ukijumlisha vyote nimelipa kuiingiza hiyo gari hela inayokaribia bei yake kule. Na hata ingekuwa nimepewa bure. Hata ningeokota! Chuma kikitoka kwenye dashibodi kinauliza gari ilinunuliwa shoruumu au mnadani? Kopo wametengeneza wao, wamekubali wao kwamba ni bovu, wameandika wao, na namba ya chesisi ni yao wameigonga wao wenyewe kwenye bodi. Nimeomba kuongea na meneja, eti yuko kikaoni. Nimeacha namba yangu ya simu. Nimetuma barua pepe na picha zote. Sijajibiwa. Nimeandika pia Tume ya Ushindani, FCC, maana sheria ya mwaka 2003 iliyowaunda ndo inamlinda mlaji, na hapo angalau nimepewa namba ya kumbukumbu na dada aliyenipokea alinisikiliza mpaka mwisho, nampongeza.

Fundi wangu nilimwomba basi aitoe tu hiyo ya abiria aitupe, akakataa. Akasema mama hii ni baruti siifungui, ikilipuka mkononi nani atalea wanangu. Nikamheshimu sana kwa hilo. Nyinyi pia, ukikutana na fundi anakwambia nitakutolea hapa hapa chini ya mwembe, kimbia. Na mwingine akanishauri ninunue ya mtumba kwenye spea za Gerezani, ibandikwe. Ya mtumba iliyotoka kwenye gari ya miaka ile ile! Utajuaje nayo sio Takata? Ukibahatisha umebadilisha kifo kwa kifo.

Kwa hiyo sasa mtu haketi mbele kwenye gari yangu. Mama yangu ana miguu mibovu, mbele ndo kulikuwa kunamfaa, sasa anajikunja nyuma na mjukuu anamsaidia kuingiza mguu mmoja mmoja. Nikimwangalia kwenye kioo damu inanichemka upya.

Nilikuwa nimepanga nimalize kwa kusema nunueni tu, ila kabla ya kutoa hela washeni swichi mhesabu taa, muangalie nguzo ya mlango, muingize namba ya chesisi Japan, na muandikishe kwenye mkataba kwamba eabegi ni salama na muuzaji asaini. Bado nasema fanyeni hivyo. Gari kama gari ni nzuri, nimeshasema.

Lakini nyota nne hapana, nimebadilisha nikiwa naandika hapa. Tatu nilidhani ni haki, mbili pia nimezifikiria, sasa naona gari ambayo kiti cha mbele kina hatari ya kumuua mama yangu haina nyota, hata ilambe mafuta kidogo kiasi gani. Yadi sifuri. Wakala sifuri, na kama kuna chini ya sifuri muweke huko. FCC wakinijibu nitaongeza hapa chini walichosema, na kama yupo mtu Dar au Arusha ambaye wakala alikubali kumbadilishia eabegi kwenye gari ya kuagiza, hata kwa kulipa, aniambie alimwona nani na alisema nini mpaka wakakubali, manake nitarudi kwenye ile kaunta na karatasi zangu zile zile.