Nililipa mtu anichagulie klasi ya kuingiza mbuzi, haya ndo maoni yangu

Kuna wenzangu hapa Uganda wanauliza kama inafaa kulipa daktari wa mifugo aje akuchagulie klasi, yaani kundi la kushindania, kabla ya maonyesho ya mifugo. Mimi nililipa, shilingi 30,000 na pesa ya boda juu yake, na nyota nampa nne. Ya tano ameipoteza kwa mambo ya saa, alisema saa tatu asubuhi akatokea saa saba mchana, beberu kafungwa juani anahema.

Huyo beberu ni Mubende, mbuzi wa kienyeji wa hapa Uganda, mweusi tii, na mimi nilishajipanga kumpeleka klasi ya wazi ya mbuzi wa nyama maana kijijini kwetu hakuna anayemfikia kwa mwili. Daktari akaniuliza tu, "Mzee, ushawahi kumsimamisha na chotara wa Boer?" Nikanyamaza. Akasema kule jaji anashika mgongo anashika paja, anatafuta nyama, na Boer huko Afrika Kusini walimzalisha kwa kazi hiyo hiyo, sasa Mubende wako unampeleka akapimwe kwa kitu ambacho si chake. Kwa klasi ya mbuzi wa kienyeji ndo ataangaliwa kama Mubende, rangi, nywele fupi za kung'aa, ile ngozi yao inayosifiwa, miguu imesimamaje, makende ni mawili na yanalingana ama vipi.

Halafu umri. Nikamwambia ana miezi kumi, si ndo nilivyoambiwa na aliyeniuzia. Akamfungua mdomo, meno mawili makubwa ya mbele chini yameshatoka, na hayo kawaida hutoka mbuzi akishapita mwaka, kwa hiyo klasi ya vijana kwaheri. Iliniuma kidogo, kule angeonekana jitu na kwa wakubwa ni wa kawaida tu, ila afadhali kuliko jaji aje aufungue huo mdomo mbele ya watu. (Aliyeniuzia tutaonana.)

Kitu kimoja hata sikumlipia: aliona mgongoni nywele zimeanza rangi ya kutu, mimi nilikuwa nataka kupaka mafuta zifiche, akasema acha, mara nyingi hiyo ni shaba imepungua mwilini, nunua madini ya kulamba ya mbuzi na sio ya kondoo, ya kondoo shaba wanabania.

Tulipokosana ni kwa klasi ya watoto. Yeye alitaka kijana wangu wa miaka kumi na moja aingie na beberu huyo huyo, eti mtoto akimuweza jaji atapenda. Ni kweli kule anayepimwa ni mtoto, anavyomuongoza na kumsimamisha mnyama, lakini beberu akinusa majike anavuta hata mimi, sasa mtoto? Nilikataa, nikampa jike letu pole ambalo linamfuata mpaka jikoni.

Mtoto akatoka wa pili. Beberu wa tatu kwa kienyeji, jaji akasema kwato ningezikata mapema, na hiyo ni kosa langu. Klasi ya wazi nilienda kutazama tu nikiwa na muchomo (nyama choma) mkononi, na watatu wa kwanza wote walikuwa chotara wa Boer wa masikio marefu.