Sura yangu kwenye linoliamu: Jumamosi nne za kuchonga, Mji wa Kale

Nilijiandikisha kwa sababu ya mlango. Nyumba niliyokulia Mji wa Kale, Mombasa, ilikuwa na mlango wa nakshi, na utotoni, kila nikingoja kufunguliwa, nilikuwa nikipitisha kidole kwenye ile mifereji ya maua. Kwa hiyo nilipoona tangazo la darasa la kuchonga na kupiga chapa, Jumamosi 4, saa tatu hadi saa sita mchana, shilingi 6,000, nililipa siku hiyo hiyo. Kazi ya darasa ni moja tu: kila mtu achonge uso wake mwenyewe kwenye kipande cha linoliamu, akipake wino, kisha aipige picha hiyo kwenye karatasi; picha inayotoka ndiyo chapa.

Kwanza niwaeleze linoliamu, maana wengi hudhani ni ule mkeka wa plastiki unaouzwa kwa mita madukani. Sio. Linoliamu yenyewe ni mafuta ya mbegu za kitani yaliyoachwa yakagandamana, yakachanganywa na unga wa mbao na unga wa lile gome la kutengenezea vizibo, kisha yakatandazwa juu ya kitambaa cha juti kama cha gunia. Mwingereza Frederick Walton ndiye aliyeivumbua miaka ya 1860, na aliikusudia iwe ya sakafuni. Wachoraji waliipendea jambo moja: haina nyuzi kama mbao, kwa hiyo patasi huenda upande wowote unaoutaka. Kipande kikiwa kipya kinanukia mafuta. Kikiwa baridi ni kigumu, lakini sisi tuliviweka dirishani juani dakika chache tu, vikawa vinakatika kama sabuni ya kufulia.

Siku ya kwanza tulipewa kioo kidogo, penseli na karatasi. Mwalimu ni kijana mpole, mwenye subira. Alituonyesha chapa za msanii John Muafangejo wa Namibia, aliyefariki 1987, ambaye alikuwa akichonga watu, nyumba na maneno humo humo kwenye picha moja. Jirani yangu mezani, mama mmoja wa makamo, akapenda kuizungushia sura yake jina la kanga yake. Mwalimu akamwambia herufi lazima zichongwe kinyume, kuanzia kulia, ama chapa itasomeka nyuma mbele. Alizifanyia mazoezi mpaka saa sita ikafika.

Mimi Jumamosi ya pili niliiharibu kazi. Nilichora kwa mistari kama nilivyozoea kuchora kwa penseli: duara la uso, macho, pua, mdomo. Kisha nikaondoa kila kilichokuwa katikati ya mistari. Lakini kwenye chapa, ulichokiondoa ndicho kinachobaki cheupe, na ulichokiacha ndicho kinachoshika wino. Tulipopiga chapa ya kujaribia nikaona mtu mwenye uso mweupe pe, ametoa macho. Hakuwa mimi, wala hakuwa mtu wa nyumbani kwetu. Nilisikitika sana. Mwalimu akaja, akanigeuza kiti nikae ubavu kwa dirisha, akanipa kioo. "Usichonge pua, dada. Chonga mwanga ulioko juu ya pua."

Ada yote niliyolipa, thamani yake ilikuwa hapo. Nikatazama tena. Mwanga ulikuwa mahali pachache mno: kwenye paji la uso, juu ya shavu la upande wa dirisha, ukingo wa mdomo wa chini, na mkunjo wa mtandio. Pengine pote palikuwa peusi, na weusi huo ndio ngozi yangu. Kipande cha pili nilikiacha karibu chote, nikakigusa kwa patasi nyembamba kidogo kidogo, kila mkato mfupi kama punje ya mchele.

Malalamiko yangu ni mawili. Kipande hicho cha pili nilikilipia shilingi 500, na hakuna aliyetuambia mapema kwamba tunapewa kimoja tu. La pili ni kubwa zaidi: tulikuwa watu 8 kwa patasi 5, na 2 kati ya hizo zilikuwa butu. Patasi butu ndiyo inayokata watu, kwa sababu unaisukuma kwa nguvu halafu inateleza. Kijana mmoja ilimpasua kidole cha shahada. Tangu hapo tuliambiwa mkono unaoshika kipande ukae nyuma ya ncha siku zote, lakini neno hilo lilitakiwa kusemwa kabla ya damu. Wenye darasa wanunue jiwe la kunolea, tafadhali.

Siku ya kupiga chapa ndiyo tamu kuliko zote. Wino unamiminwa juu ya kigae cha kioo na kusambazwa kwa rola mpaka usikie unalia, sauti ya kunatanata kama mafuta yanayoanza kuchemka. Wino wetu ulikuwa wa maji, na kwa joto la Mombasa unakauka upesi, basi feni ilizimwa na sote tukatoka jasho. Unalaza karatasi juu, unaisugua kwa mgongo wa kijiko cha mbao. Mimi nilichukua upawa wa mama kutoka nyumbani, ule wa kifuu. Mgongo wake umelainika kwa miaka ya kuchota mchuzi, na uliteleza juu ya karatasi bila kuichana. Nilipiga nakala 6, nikaziandika namba kwa penseli chini: 1/6, 2/6, hadi mwisho.

Nilipoinua ya kwanza nilishtuka kidogo. Ilinifanana, lakini kidoa changu cha shavuni kilikuwa upande nisiouzoea. Nilikuwa nimechora nilichokiona kwenye kioo, na chapa ikakigeuza tena, kwa hiyo iliyotoka ni sura wanayoiona wengine. Nyumbani niliiweka mezani bila kusema neno. Mama alivaa miwani, akaishika kwa ncha za vidole maana wino ulikuwa bado mbichi, akasema, "Ndivyo unavyokaa hasa ukiwa unanisikiliza." Nakala ya 2/6 ameichukua yeye. Iko ukutani kwake, chini ya saa.