Kuvua Oban: miambani nilikula hasara, mashuani nikajaza ndoo

Mimi ni mtu wa Tanga, mshipi nimeushika tangu utotoni, kwa hiyo nilipofika Oban, magharibi ya Uskoti, mwezi wa Agosti, kulipia mashua niliona ni kutupa hela. Kule kuvua baharini kwa mshipi hakutaki leseni (samoni ndio wana masharti yao), nikaenda zangu kusimama kwenye miamba ya upande wa Gallanach, kisiwa cha Kerrera kiko ng'ambo tu. Kwa masaa mawili mwani ulinilia chubwi nne, vile vizito vya kuzamisha mshipi. Usifikirie mwani wa kuanika kule Paje, Zanzibar. Huu una mashina kama mpini wa jembe, ukinasa umenasa. Nikapata samaki mmoja wa kiganja, wenyewe wanamwita pollack, nikamrudisha majini. Na usubi! Upepo ukitulia tu, wanakuingia mpaka masikioni.

Kesho yake nikasalimu amri, nikalipia mashua ya masaa matatu. Nahodha, mzee asiye na maneno mengi, akanipa fimbo yenye ndoana sita zilizofungwa manyoya. Chambo je? Hakuna. Nikajua ananitania. Unashusha, unainua taratibu, unashusha tena. Mara fimbo ikatetemeka, ikapinda, kuvuta hivi makareli wanne kwa mkupuo, migongo ya kijani yenye michirizi myeusi, wanapigapiga sakafu kama mvua ya bati. Ni ndugu wa vibua wetu kabisa. Ndoo ilipojaa mzee akasema basi, zinatosha, na hakuna aliyebisha.

Wenzangu wawili walitaka kuvua samaki taa, wale wakubwa wa huko ambao wengine hupita kilo 100. Wakaambiwa hiyo ni safari ya siku nzima, tena ukimpata humchukui: unampiga picha, unamwachia. Tangu 2014 eneo kubwa la bahari ile ni hifadhi kwa ajili yao.

Sasa lawama. Tangazo lilisema makoti ya mvua yapo. Yalikuwepo mawili, abiria sita. Mvua ya kule haina kishindo, inakunyeshea polepole kama inayokudai, na mimi nilishuka nimelowa mpaka soksi. Kwa hilo nawapa nyota nne. Nenda na koti lako, na uulize siku za maji kabla ya kulipa, maana wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, mkondo unakimbia na chubwi haitulii chini.

Samaki tulisafishiwa palepale gatini, shakwe wakigombea matumbo miguuni petu. Wangu nikawapaka chumvi, ndimu na pilipili, nikawakaanga kwenye jiko dogo la nyumba niliyofikia. Wana mafuta hao! King'ora cha moshi kililia mara mbili, mama mwenye nyumba akashuka na gauni la kulalia, akaangalia kikaango, akavuta kiti.