Mkanda wa kubana kifua cha njiwa: miezi 14 na mwanangu

Mwanangu alianza kukataa kuvua shati mbele ya watu akiwa na miaka 13. Kifua kilikuwa kimechomoza, zaidi upande wa kulia. Nilidhani kuna mfupa umeota. Daktari akanieleza kwamba shida iko kwenye gegedu zinazounganisha mbavu na kidari, yaani mfupa wa katikati ya kifua: zikirefuka kupita kiasi, kidari husukumwa mbele. Kwa wengine huvutwa ndani, kifua kikabonyea kama bakuli. Wavulana ndio hupatwa zaidi, na balehe ndiyo huanika kila kitu.

Alisikiliza moyo, akamwinamisha aone uti wa mgongo, kisha akakandamiza kidari kwa kiganja. Kikaingia. Akasema hapo mkanda utatosha bila kisu. Kifua kikishakomaa na kukakamaa, mkanda haukisogezi tena.

Mkanda wenyewe ni kibao chenye sponji mbele, kingine mgongoni, na vyuma vyepesi ubavuni vyenye skrubu za kukazia. Huvaliwa usiku na mchana, unavuliwa wakati wa kuoga na michezo. Wiki ya kwanza hakulala vizuri, na nilimhurumia mpaka nikataka kuurudisha. Wekundu wa ngozi unaopotea baada ya muda mfupi hautishi, lakini mara moja alichubuka kweli. Kumbe mshono wa fulana ulikuwa umeangukia palepale chini ya kibao! Tangu siku hiyo ni fulana ya pamba isiyo na mshono, na mimi mwenyewe huinyoosha mgongoni kabla hajafunga.

Lawama yangu ni moja. Fundi aliyetutengenezea hakusema kwamba lazima turudi kurekebishiwa kadiri mtoto anavyokua. Miezi 2 nzima aliuvaa umelegea, na muda ule haukutusaidia kitu.

Baada ya kukazwa upya, kinundu kilianza kushuka. Sasa kifua kimelala na anauvaa usiku tu, mpaka atakapoacha kurefuka, maana kinaweza kurudi.

Mwenye kifua kilichobonyea asiununue huu, utamzidishia. Huko kuna kikombe cha kufyonza, au upasuaji wa Nuss: chuma kilichopinda hupitishwa chini ya kidari na kukaa takriban miaka 3.

Ningeuchukua tena? Ndiyo, ila kwa fundi anayetoa tarehe ya marekebisho siku ileile anayokabidhi mkanda.